Kulwa kapangiwa Kilakala, Doto shule ya kata: niuze kiwanja?

Mama Pacha wa Chanika! Barua yako nimeisoma na kikokotoo pembeni, maana unaandika kama mtu anayelia lakini kila mstari umeweka tarakimu. Mwanamke wa namna hiyo huwa simwonei huruma sana. Namheshimu, halafu nambishia.

Ngoja nirudie ulichosema ili wasomaji wenzetu nao wawe mezani. Binti zako Kulwa na Doto wamemaliza darasa la saba shule moja, tena dawati moja. Matokeo yalipotoka, Kulwa alikuwa na A sita, Doto A tano na B ya Hisabati. Nyumba nzima ikala pilau. Ikaja Desemba, TAMISEMI wakatoa orodha ya waliopangiwa kidato cha kwanza: Kulwa Kilakala, Morogoro, shule ya wasichana ya vipaji maalumu, Doto sekondari ya kata, daladala mbili kutoka kwenu. Furaha ikakatika hapohapo. Wifi yako akasema, tena mbele ya watoto, kwamba shule ya kata inazalisha wauza karanga. Wewe ukaingia kazini: umeshapata shule binafsi ya bweni ya milioni nne na nusu kwa mwaka, na umeshapata mteja wa kiwanja chenu anayetoa milioni kumi na nne. Baba Pacha amegoma kusaini. Sasa unaniuliza: usipouza, Doto si atakuja kulipwa mshahara mdogo kuliko pacha mwenzake maisha yake yote, na lawama zote zikurudie wewe?

Jibu la haraka ni usiuze. Lakini hilo hata Baba Pacha alikupa na hukumsikiliza, kwa hiyo kaa tulizungumze taratibu.

Nianze na kiwanja, hesabu yake ni fupi. Milioni nne na nusu kwa miaka minne ni milioni kumi na nane. Mteja wako anatoa kumi na nne. Hapo hujanunua godoro, sare za darasani, za michezo na za kushindia, hujalipa michango ya mitihani wala nauli za likizo, na hujakutana na lile tangazo la Novemba kwamba mwakani ada inapanda kidogo. Kiwanja kitaisha Doto akiwa kidato cha tatu. Umewahi kumwona mtoto aliyerudishwa nyumbani kufuata ada katikati ya muhula? Anakaa siku tatu, wiki, wiki mbili, anaazima madaftari kwa simu. Halafu anahamishiwa shule ileile ya kata uliyomkimbiza, safari hii akiwa na mwaka mmoja tu kabla ya mtihani wa taifa, na mama yake hana tena kiwanja. Hilo linanitisha kuliko orodha ya TAMISEMI.

Tuje kwenye ushahidi wako mkubwa, yule kijana wa jirani. Amesoma binafsi tangu chekechea, leo yuko benki na anaendesha gari, na wewe umehitimisha kwamba shule ndiyo iliyompeleka. Lakini barua hiyohiyo, ukurasa wa pili, umeniambia kwamba mama yake ni mhasibu na baba yake yuko bandarini. Mama Pacha! Mtoto wa mhasibu angesoma hata kwa Mtakatifu Kayumba, yaani shule ya kawaida ya serikali, jioni angekuta nyumbani mtu wa kumsahihishia hesabu, rafu yenye vitabu, na mjomba anayejua benki gani inatangaza nafasi lini. Angeugua Jumatatu, Jumanne angekuwa hospitali. Wewe umeliona jina la shule tu kwa sababu ndilo lililoandikwa ubavuni mwa basi linalopita mtaani kila asubuhi. Mengine yalikuwa ndani ya geti.

Unafanya biashara ya genge, utanielewa. Alfajiri sokoni ukichambua nyanya ngumu zisizo na doa ukazipanga mbele, mchana mteja akisema genge lako lina nyanya nzuri, hajakosea. Ila meza yako haikuzifanya ziwe nzuri. Zilikuja nzuri.

Shule nyingi za ada kubwa zinazosifika kwa daraja la kwanza hufanya uchambuzi huo bila kificho. Kuna usaili wa kuingia. Kuna wastani wa kuvuka darasa, na asiyeufikisha anaambiwa akariri au mzazi amtafutie shule nyingine. Wizara imekemea mchezo huo wa kuchuja watoto mara nyingi, na bado wazazi wanaojua wanajua. Mwisho wa safari wanaobaki kufanya mtihani wa kidato cha nne ni wale ambao wangefaulu karibu popote, na bango la barabarani linatangaza asilimia mia moja. Baraza la Mitihani lilipotoa matokeo ya kidato cha nne Januari 2023 liliacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi bora, likisema haina tija kulinganisha shule zisizolingana mazingira na kuzifanyia biashara. Kelele zilipigwa sana. Mimi nilipiga makofi.

Hata zile shule za serikali tunazozisifia zina habari hiyo. Tabora Boys imetoa viongozi, nani atabisha? Lakini Waingereza waliianzisha wakiwalenga watoto wa machifu. Nyerere mwenyewe, aliyeingia Tabora mwaka 1937 akitokea Mwisenge, Musoma, alikuwa mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki, na alipata nafasi baada ya kuwabwaga wenzake kwenye mtihani. Shule ilimfaa, sikatai. Ila haikumwokota kijiweni.

Wenzetu Kenya walilipima jambo hili kwa namna itakayokugusa wewe hasa, kwa sababu ni kama habari ya mapacha wasio wa tumbo moja. Wachumi wawili, Adrienne Lucas na Isaac Mbiti, waliwachukua watoto waliofanya mtihani wa darasa la nane mwaka 2004. Wakati ule shule za kitaifa, akina Alliance, Mang'u na Kenya High, zilikuwa 18 tu nchi nzima, na kila mzazi alizililia. Wakawatafuta walioingia kwa alama kiduchu na waliokosa kwa alama kiduchu, yaani Kulwa na Doto wa Kenya, wakaenda nao hadi mtihani wa kidato cha nne. Utafiti ulichapishwa mwaka 2014. Walioingia shule za kitaifa walikaa na wenzao wenye akili kali zaidi, kwenye shule zenye vifaa zaidi, lakini kwenye matokeo hakukuwa na ushahidi wa maana kwamba waliwazidi wale waliokosa nafasi. Utafiti mwingine wa mwaka huohuo kuhusu shule za serikali za mchujo za Boston na New York ulitoa majibu yanayofanana na hayo.

Nakusikia kutoka Chanika: "Hiyo ni mitihani, mimi nimeuliza mshahara." Haya, mshahara.

Marekani, Stacy Dale na Alan Krueger waliwatazama watu waliokubaliwa na vyuo vikuu vinavyolingana, lakini mmoja akaenda chenye jina kubwa na mwenzake akachagua cha jina dogo. Walichapisha mwanzo mwaka 2002, wakarudia kwa takwimu kubwa zaidi mwaka 2014. Kwa wengi wao, miaka mingi baadaye, jina la chuo halikuongeza mshahara. Aliyekuwa na uwezo wa kukubaliwa chuo kikubwa, na hamu ya kuomba, alilipwa vizuri hata alipopitia mlango mwingine.

Na hapa kwetu ajira inayotangazwa waziwazi kuliko zote ni ya serikali, ambako mambo ni makavu kabisa. Doto akisomea shahada ya ualimu akaajiriwa, ataanza ngazi ya TGTS D. Aliyesoma kwa ada ya milioni kumi naye ataanza TGTS D, watasaini kwenye daftari moja la mahudhurio. Kuomba kazi kwenyewe kunapitia mfumo wa Sekretarieti ya Ajira: unapakia cheti cha kuzaliwa, vyeti vya kidato cha nne na cha sita, cha chuo, halafu unaitwa kwenye usaili wa mchujo, ukivuka unakwenda wa mahojiano. Hati ya matokeo hawaitaki, wanataka cheti. Alama za ziada kwa mtu aliyesoma shule yenye bwawa la kuogelea hazipo popote.

Sikufichi lakini, maana ungekuja kulisikia kwa wifi yako. Dale na Krueger waliona kundi moja ambalo lilifaidika kweli na vyuo vya jina kubwa: Wamarekani weusi, wenye asili ya Amerika ya Kusini, na watoto ambao wazazi wao hawakusoma sana. Najua utaruka: "Si ndio sisi hao!" Ndiyo, ni nyinyi. Mtoto wa mfanyabiashara mkubwa anakutana na watu wazito sebuleni kwao. Mtoto wa fundi seremala kama Baba Pacha na mwenye genge kama wewe anaweza kukutana nao mara ya kwanza shuleni. Uingereza ndiko kujuana kumeota mizizi: ripoti ya Sutton Trust ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba waliosoma shule binafsi ni kama asilimia 7 tu ya watu, lakini kati ya majaji wa ngazi za juu walikuwa asilimia 65. Kujuana kunalipa. Tusidanganyane.

Ila jiulize, ile shule ya milioni nne na nusu uliyoiona itamkutanisha Doto na nani? Watoto wa mawaziri hawako huko. Waliopo ni watoto wa kina mama wenzako waliouza viwanja.

Kuna kitu kimoja shule hizo zinakitoa kweli, na ndicho ninachotaka ukihangaikie: Kiingereza. Binti zako wote wawili wametoka shule ya msingi ya Kiswahili. Januari wanaingia kidato cha kwanza, na kasoro Kiswahili chenyewe, karibu kila somo linageuka lugha siku moja. Mtoto aliyeielewa habari ya usanisinuru vizuri kabisa, akaweza kukuchorea jani na jua na mishale yake, anapewa fasili ya mistari mitatu kwa Kiingereza na kuanza kuikariri kama dua. Akiulizwa swali kwa namna nyingine kidogo, kwisha. Ana jibu kichwani, hana maneno ya kulitoa. Hapo ndipo watoto wengi wenye A za darasa la saba wanapopotelea, na mzazi anadhani akili imepungua. Baadaye, kwenye usaili wa makampuni, hotelini, kwenye mashirika, mwenye kuzungumza bila kutafuta maneno anasikilizwa kwanza. Kijana wa jirani yako hilo analo, na nadhani ndilo lililokuumiza zaidi siku aliposimama kwenu kuwasalimia.

Lakini Kiingereza hakigharimu milioni kumi na nane. Na zingatia kwamba Kulwa naye anakwenda Kilakala na Kiingereza kilekile cha Doto. Mlango huo wote wawili wanagonga kutoka nje.

Nikuambie sasa pengo linalonikosesha mimi usingizi. Utafiti mwingine wa Kenya, wa Owen Ozier, uliochapishwa mwaka 2018, haukulinganisha shule kubwa na ndogo. Ulilinganisha waliofanikiwa kuingia sekondari kwa alama za chupuchupu na waliobaki nje. Wanaume waliosoma sekondari walikuwa wachache zaidi kwenye shughuli za kujiajiri zisizohitaji ujuzi. Wasichana waliosoma walikuwa wachache zaidi kati ya waliopata mimba wakiwa wadogo. Unaona mstari ulipo, Mama Pacha? Uko kati ya anayemaliza na anayeishia njiani. Mshahara wa Doto unaweza kuharibika kweli, na utaharibikia kwenye vitu ambavyo hukuviandika kwenye barua yako hata kimoja.

Mfano, hizo daladala mbili. Mwanafunzi wa nauli ya mia mbili anaachwa kituoni asubuhi, kondakta anajaza watu wazima kwanza. Mtoto anachelewa, anachapwa au anafagilishwa, anakosa kipindi cha kwanza, na mara nyingi kipindi cha kwanza ndicho Hisabati. Baada ya muda anatokea kaka mwenye bodaboda anayesema, "Panda tu, naelekea huko." Wa kwanza anaweza kuwa mwema. Unajua ninachosema, na unajua miguu ya binti wa miaka kumi na minne inavyochoka saa kumi na moja jioni.

Kwa hiyo, badala ya kwenda kwa mteja wa kiwanja, nenda pale sekondari wiki ya kwanza, uvae vizuri, umwombe mkuu wa shule dakika kumi. Muulize ana walimu wangapi wa Hisabati na Fizikia, na nani anafundisha kidato cha kwanza. Shule nyingi za kata zinahemea hapo: walimu wa sanaa wapo, wa sayansi hawatoshi. Muulize kama maabara inafanya kazi au ni stoo ya madawati mabovu. Muulize kama kuna hosteli, au familia jirani inayoaminika ambako wasichana wanakaa siku za masomo. Akikuona mara moja atakusahau. Akikuona kila mwezi, Doto atakuwa mtoto mwenye mwenyewe, na watoto wenye wenyewe hata mwalimu mvivu huwaogopa. Akikujibu hovyo, au ukagundua kweli mwalimu wa Hisabati hayupo na haji, hapo omba uhamisho wa sekondari nyingine ya serikali iliyo jirani. Uhamisho upo, una fomu, unasumbua lakini unapatikana.

Umeniandikia kwamba mkijibana mnaweza kutenga laki moja na ishirini kwa mwezi bila kugusa mtaji wa genge. Hizo zinatosha kuanzia. Tafuta kijana wa chuo au mwalimu mstaafu wa mtaani kwenu amfundishe Doto Hisabati Jumamosi, na Kiingereza cha kusoma na kuzungumza, sio cha kukariri. Kaeni wewe na dada wa nyumbani msikilize pia, haumi mtu. Mnunulie kamusi na vitabu vya hadithi vyepesi, avimalize, akusimulie kwa Kiswahili alichosoma kwa Kiingereza. Sehemu inayobaki iwe ya usafiri wa uhakika, hata kama ni kuchangia bajaji na wazazi watatu wa mtaa mmoja. Kama bado unaitamani shule binafsi, uliza kama wanatoa ufadhili kwa watoto wenye A tano. Baadhi hutoa, na hawatangazi. Wakikupa nusu ada na mkaimudu kwa kipato chenu cha kila mwezi, nitakusindikiza mwenyewe kununua godoro. Nagombana na kiwanja tu, shule binafsi sina ugomvi nayo.

Halafu kumbuka kuna mchujo wa pili. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne imefutwa tangu 2016, na ya kidato cha tano na cha sita tangu 2022. Doto akifaulu vizuri kidato cha nne, anapangiwa upya na nchi nzima, na hakuna anayeangalia alikopangiwa akiwa darasa la saba. Anaweza kabisa kumkuta Kulwa palepale Kilakala, tahasusi ileile. Na ikiwa safari yake itakuwa chuo cha kati au VETA, tutazungumza siku hiyo. Nimeona mafundi umeme wanaolipwa vizuri kuliko wenye shahada wanaosubiri kuitwa.

Jambo jingine ambalo wauza fomu za shule hawatakunong'oneza: Doto akifika chuo kikuu ataomba mkopo, na Bodi ya Mikopo hupima uwezo wa familia kabla ya kugawa. Ada ambayo mtoto alilipiwa sekondari imewahi kuwa miongoni mwa vipimo hivyo. Ungeuza kiwanja umlipie shule, halafu shule hiyohiyo ikakufanya uonekane una uwezo wakati huna hata kiwanja.

Nimemtaja sana Doto, lakini barua yako imemsahau Kulwa kana kwamba ameshaokoka. Mtoto huyu alikuwa wa kwanza au wa pili darasani maisha yake yote. Kilakala atakaa na wasichana ambao wote walikuwa wa kwanza au wa pili. Mtihani wa kwanza anaweza kuwa wa arobaini, bila mama wala pacha wa kulia naye, jambo ambalo hajalipitia tangu tumboni. Mwambie kabla hajaondoka kwamba hilo linaweza kutokea na halitakuwa msiba. Usimwambie, "Wewe ndiye tegemeo letu." Mzigo huo ni mkubwa kuliko tranka lake.

Na Doto. Umeandika kwamba amekuwa mkimya, anamsaidia mwenzake kukunja nguo na hasemi kitu, na wewe ukachukulia kwamba anaililia Kilakala. Mimi sina hakika. Fikiria alichokisikia ndani ya wiki tatu hizi: shangazi yake amesema shule yake inazalisha wauza karanga, baba na mama hawasemezani kwa sababu yake, na kiwanja cha familia kinauzwa ili kumwokoa. Kumwokoa na nini? Mtoto wa A tano anaanza kuamini kwamba amefeli. Ukimpeleka shule ya kiwanja akiwa na imani hiyo, kila atakapopata C ataona milioni kumi na nne zinateketea. Mkae naye nyinyi wawili, bila Kulwa, bila wifi, mmpongeze upya kwa B yake ya Hisabati, ambayo mimi kwenye cheti changu ningeifungia fremu. Mwambie shule anayokwenda ni yake na mtaipigania pamoja. Muulize anaogopa nini. Huenda akakuambia kitu kidogo usichokitegemea, kwamba hajawahi kulala chumbani peke yake, kwa mfano.

Wifi yako mwachie kaka yake. Yeye ndiye anayepaswa kumwambia kwamba maneno yale hayasemwi mbele ya watoto, wewe ukisema utaonekana umekuja kuvunja ukoo. Na Baba Pacha naye umempunja kidogo. Umemwita bahili ukurasa mzima, halafu mwishoni, kwa maandishi madogo, ukasema kwamba tayari ameanza kutengeneza meza ya kusomea kwa mbao za ofisini kwake. Ya nani hiyo meza, kama si ya anayebaki nyumbani? Mpigie mteja wa kiwanja umwambie mmeghairi, kisha mwambie mumeo kwamba umempigia. Mengine mtayamaliza wenyewe.

Uniandikie mwezi wa sita, mitihani ya muhula ikishapita. Nataka alama za wote wawili, na nataka kujua kama mwalimu wa Hisabati amepatikana.